Pembe ya ndovu haioti tena kama jino la mtoto

Mpwa wangu ana miaka sita na mapengo mawili mbele. Majuzi nilimpeleka kituo cha Sheldrick, kilicho ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambako ndovu mayatima hulelewa. Ndovu mmoja mdogo alipita mbio kukimbilia chupa yake, blanketi likiwa limefungwa mgongoni.

“Shangazi, mama yake yuko wapi?”

Nilimweleza kwamba baadhi ya watoto hawa walipoteza mama zao kwa majangili waliotaka pembe. Akagusa pengo lake.

“Si wangezing’oa tu? Zingeota tena.”

Sikumcheka. Mwaka 2007 shirika la IFAW liliwahoji watu nchini China, na takriban saba kati ya kumi hawakujua kwamba pembe hutoka kwa ndovu aliyekufa. Kwa Kichina pembe huitwa jino la ndovu, na jino hung’oka. Hilo jina, kwa kweli, ni sahihi kuliko letu: pembe ni jino la juu la mbele. Ndovu hata ana vijino vya utotoni vinavyoanguka akikaribia mwaka mmoja. Ila yale yanayofuata hayaoti tena, na karibu theluthi ya kila moja imezama ndani ya fuvu. Jangili hulitoa kwa kuukata uso.

Mama akifa, mtoto aliye chini ya miaka miwili hufa pia, kwa sababu anategemea maziwa. Mama anayenyonyesha ataelewa ninachosema. Marehemu Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa mbadala, kwa kuwa ya ng’ombe yaliwadhuru ndovu wachanga. Jibu alilipata kwenye mafuta ya nazi, yanayokaribia mafuta ya maziwa ya ndovu. Hata hivyo maziwa pekee hayatoshi. Walezi huwalisha kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na hulala nao zizini. Hubadilishana zamu ili mtoto asimzoee mtu mmoja tu. Mwaka 1974 ndovu mdogo aitwaye Aisha alikufa Daphne aliposafiri kwenda kwenye harusi ya bintiye. Blanketi nalo ni la kuzuia nimonia.

Ndiyo maana kelele za wananchi zina maana. Mwaka 1989, Kenya ilipokuwa imebaki na ndovu wapatao 16,000 tu, Rais Moi alichoma tani 12 za pembe mbele ya kamera za dunia, na mwaka huohuo biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku. Ujangili uliporudi kwa kishindo, shirika la WildlifeDirect lilianzisha kampeni mwaka 2013 pamoja na Margaret Kenyatta, aliyekuwa mke wa rais. Sheria mpya ya mwaka huo iliweka faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata ndovu 36,280.

Lakini usimpe mtoto hadithi nusu. Ukame wa 2022 uliua ndovu 205 kati ya Februari na Oktoba bila bunduki hata moja. Na huko Taita Taveta kuna mzazi anayekesha akilinda mahindi, akihofia pia uhai wake. Nilimweleza mpwa wangu hayo kwenye matatu tukirudi. Alinyamaza hadi karibu tufike, kisha akauliza kama mtoto wa huyo mkulima amewahi kuona ndovu akinywa maziwa kwa chupa.

Kama mnataka kwenda, kituo hupokea wageni kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na ni lazima kuweka nafasi mapema. Msivae nguo nyeupe: ndovu hao hucheza kwenye matope mekundu, na hawachagui wa kumrushia.