Je, Wajua? Wakati Uliopo wa Kiingereza Hausemi Lililopo

Mswahili aanzapo kueleza kwa Kiingereza mambo ya siku yake, tangu kuamka alfajiri hata kurejea nyumbani jioni, aghalabu husema "I am drinking tea every morning", na mwalimu humsahihisha pasipo kumbainishia sababu. Sababu ipo, nayo ni latifu. Kiswahili cha mazungumzo kimeitwika -na- kazi mbili: "anakunywa chai" yaweza kuwa kikombe ki mkononi hivi sasa, na yaweza kuwa ndiyo ada yake ya kila siku, msikilizaji akatambua kwa maneno yaliyotangulia. Kiingereza hakiridhii ushirika huo. Tendo lililo katika kutendeka hutaka "is drinking", na mazoea hutaka "drinks", umbo fupi ambalo wanasarufi huliita wakati uliopo sahili, ingawa mtu aweza kusemewa hivyo hali amelala fofofo; kwa kuwa umbo hilo halitoi habari ya saa hii, bali hutoa habari ya tabia.

Mzani wa kupimia jambo hili tunao wenyewe, nao ni hu-. Palipo na "Fatuma hunywa chai" pana "drinks". Na kwa kuwa hakuna asemaye "tazama, Fatuma hunywa chai" akimwonyesha kidole, hapo "drinks" nayo haina mahali. Tofauti ni kwamba hu- haijali nafsi wala idadi, ilhali Kiingereza huidai -s katika nafsi ya tatu ya umoja, ingawa wako Waingereza wenyewe, katika lahaja ya Norwich, ambao mara nyingi huiacha. Vitenzi vya moyo na akili, kama kujua na kupenda, havipimwi kwa mzani huu: husemwa kwa umbo sahili hata kama habari ni ya sasa hivi.

Mpaka huu haukuwapo daima. Katika tamthilia ya Hamlet, ya mwanzoni mwa karne ya 17, Polonius amwuliza mwana wa mfalme, aliyeshika kitabu, asoma nini, naye atumia umbo sahili, ambalo leo lingekuwa swali la mazoea. Na Wamarekani Weusi wengi, ambao lahaja yao hudharauliwa bila haki, wamepambanua zaidi kuliko Kiingereza cha vitabuni: kwao "be" isiyogeuzwa ni alama ya ada. Mtafiti Janice Jackson aliwaonyesha watoto picha ambamo Elmo anakula biskuti, na Cookie Monster, mlaji mashuhuri wa biskuti katika televisheni, yu mgonjwa kitandani. Alipouliza kwa lahaja hiyo nani "be eating", watoto Weusi aghalabu walimtaja mgonjwa, maana ndiye mwenye mazoea. Na huo ni ufahamu wa sarufi, wala si upungufu wake.

Faida ya kuyajua haya yaonekana hasa mtu ajielezapo kwa wageni. Asemaye "I live in Mombasa" amewajulisha maskani yake. Asemaye "I am living in Mombasa" amewaachia dhana kwamba yupo kwa muda tu, na huenda mwakani wasimkute, hata kama amezaliwa Kibokoni na babu yake amezikwa huko.