Kupunguza mafuta bila kuaga githeri

Wakazi wengi wa Makongeni wanaoshauriwa kupunguza uzito hupewa orodha ya vyakula wasivyovipenda, na orodha hiyo haimalizi wiki mbili. Ni afadhali mtu abaki na chakula alichozoea, abadilishe mapishi.

Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yasizidi asilimia 30 ya nishati ya siku. Kwa anayehitaji kalori 2,000, hiyo ni gramu 67 hivi, chini kidogo ya vijiko vitano, pamoja na mafuta yaliyomo tayari kwenye nyama, maziwa na karanga.

Chukua githeri. Mahindi na maharagwe yenyewe yana mafuta kidogo. Mengi huingia wakati wa kukaanga kitunguu, chupa inapoinamishwa bila kupima. Sufuria ya watu wanne ikitiwa vijiko viwili badala ya sita, kila mmoja amepunguziwa kijiko kizima. Ladha itatoka kwa nyanya, dania na kitunguu saumu. Sukuma wiki ni vivyo hivyo.

Asiyeweza kuacha chapati ale moja kwa ndengu, na siku hiyo aache chipsi. Avokado ni nzuri kwa moyo, lakini nayo ina mafuta, nusu yatosha.

Watoto wa chini ya miaka 2 wasipunguziwe mafuta. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye kisukari wamwone kwanza mtaalamu wa lishe, Hospitali ya Thika Level 5 au kituo cha afya kilicho karibu.