Nyundo: Askofu Aliyekusanya Nyimbo za Wachungaji na Walezi

Mtu akitaja Gisenyi, wengi hufikiria ufukwe wa Ziwa Kivu, kiwanda cha bia cha Bralirwa na umati unaovuka mpaka kwenda Goma na kurudi. Wachache watataja nyimbo. Hata hivyo, mkusanyo mmojawapo mkubwa wa nyimbo za jadi za Rwanda ulitengenezwa ndani ya wilaya hii ya Rubavu, huko Nyundo, kilomita chache kutoka mjini ukishika barabara ya Musanze. Aliyeutengeneza hakuwa mwanamuziki wala profesa. Alikuwa askofu.

Aloys Bigirumwami alizaliwa Zaza, mashariki mwa Rwanda, Desemba 1904, katika ukoo wa Abagesera waliowahi kuutawala ufalme wa Gisaka. Alipata upadre mwaka 1929, akawa paroko wa Muramba kwa miaka mingi, na tarehe 1 Juni 1952 akawekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika maeneo yote yaliyotawaliwa na Ubelgiji. Akakabidhiwa Nyundo, akaiongoza hadi alipostaafu mwaka 1973.

Ajabu yake ni hii. Kanisa lililomlea lilikuwa limewafundisha waumini wake kuyapa kisogo mambo mengi ya wazee. Kubandwa, ibada ya jadi ya mizimu, ilipigwa marufuku, na ngoma zilizoambatana na mizimu zikahesabiwa kuwa upagani. Mkristo mpya alijifunza nyimbo zenye tuni za Ulaya na kuziacha za kwao mlangoni. Bigirumwami, ambaye angeweza kuwa mlinzi mkali wa mlango huo, akawa anawauliza watu walichokiacha nje. Aliandika kuhusu mila, matambiko na miiko, kubandwa yenyewe ikiwemo. Alikusanya methali kwa maelfu. Alikusanya hadithi ndefu za kusimuliwa usiku. Mwaka 1954 akaanzisha Hobe, jarida la watoto kwa Kinyarwanda, ambalo vizazi kadhaa vya Wanyarwanda walijifunzia kupenda kusoma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja zamu ya nyimbo. Kitabu chake cha wakati huo kina jina refu kama orodha ya kwenda sokoni: visasili, indirimbo, imbyino, ibihozo, inanga, ibyivugo, amahamba, majina ya ng'ombe, na bado linaendelea. Jina hilo si la kupendeza machoni, lakini lina akili ndani yake, kwa sababu linapanga nyimbo kufuatana na kazi zake. Igihozo ni cha kumbembeleza mtoto alale. Imbyino ni ya kuchezwa. Icyivugo ni majigambo ya shujaa anayejisifu mbele ya wenzake. Amahamba huimbiwa ng'ombe. Inanga ni wimbo wa kusimulia, unaopigiwa ala yenye jina hilohilo, kipande cha mti kilichochongwa kama sinia refu, juu yake kamba moja imepitishwa huku na huku mara kadhaa. Msomaji anapofunga kitabu anajua nani aliimba nini, saa ngapi, na kwa sababu gani.

Asichokipata ni tuni. Kazi ya askofu ilikuwa ya maneno, na hapa ndipo sifa zake zinapofikia mpaka. Kinyarwanda ni lugha ya toni, na tena hupambanua irabu fupi na ndefu, kwa hiyo neno moja likipandishwa au kurefushwa pasipostahili laweza kugeuka neno jingine. Mwimbaji wa jadi huufuata mwendo wa usemi, na sehemu kubwa ya utamu wa wimbo imo humo. Halafu kuna mdundo. Ngoma nyingi za Rwanda hutembea kwa mapigo matano, na aliyezoea kuhesabu manne ya kanisani hujikuta mguu umemtangulia.

Kwa hiyo alihitajika mtu wa pili, mpangaji wa muziki, na Nyundo ilimtoa pia, ingawa kwa mlango mwingine. Seminari ya Nyundo ilijulikana kwa mafunzo yake ya muziki, na miongoni mwa vijana walioupata muziki huko ndimo walimotoka waanzilishi wa Chorale de Kigali mwaka 1966. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umemalizika mwaka mmoja kabla, na lugha za wenyeji zilikuwa zimefunguliwa milango ya ibada. Kwaya hiyo iliimba kazi za Ulaya, ikaimba tungo za Kinyarwanda, na nyimbo za asili zikavalishwa sauti nne. Kuzivalisha hivyo si mchezo. Sauti ya kwanza ikifuata toni za maneno barabara, ya pili na ya tatu zikaenda njia zao, maneno yaleyale yanapindishwa vinywani mwa wengine. Mpangaji stadi huchagua pa kuisaliti lugha na pa kuitii. Asiye stadi huimba tu kwa nguvu.

Aliyeunganisha kazi zote mbili kwa umahiri hakuwa mtu wa Rubavu. Cyprien Rugamba, mzaliwa wa kusini, mwanahistoria aliyesoma Ubelgiji na kuongoza taasisi ya taifa ya utafiti huko Butare, alikuwa mtafiti, mshairi na mtunzi kwa wakati mmoja. Kikundi chake, Amasimbi n'Amakombe, kiliimba na kucheza mambo ya jadi pamoja na tungo zake mpya, hata msikilizaji asijue ya zamani inaishia wapi. Aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, pamoja na mkewe Daphrose Mukasanga na watoto wao sita. Nyundo nayo mwaka huo iligeuka mahali pa mauaji, hata kwenye kanisa kuu. Miongoni mwa waliokufa kote nchini walikuwamo wajuzi wa nyimbo ambao hakuna kalamu wala mashine iliyowahi kuwafikia.

Miaka 20 baadaye, 2014, Nyundo ilipata shule ya muziki ya serikali, katika eneo la shule ya sanaa iliyokuwapo tangu 1952. Mkuu wake, Jacques Murigande, anayejulikana jukwaani kama Mighty Popo, alirudi kutoka Kanada na kuwataka wanafunzi wajue gitaa na piano bila kuzitupa ngoma na inanga. Waliopita hapo wamejaa redioni siku hizi, Ariel Wayz wa hapahapa Rubavu akiwa mmoja wao. Kundi jingine lilijiita Sebeya Band, kwa jina la mto unaopita Nyundo. Shule yenyewe baadaye ilihamishiwa Muhanga, hasara ambayo Rubavu haikuilalamikia vya kutosha.

Sasa kuna sauti za kukutanisha na maandishi ya askofu. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ambako mtafiti Jos Gansemans alichambua kwa kina ala za muziki za Rwanda, imeipatia nchi nakala za kidijitali za nyimbo zaidi ya 4,000 zilizorekodiwa enzi zilizopita. Wasanii vijana wataziparamia, na si vibaya, mradi mtu asiweke jina lake kwenye igihozo cha bibi za watu na kudai ni utunzi wake.

Amahamba ndiyo yenye haraka kuliko zote. Ng'ombe wengi wa Rwanda leo hulishwa zizini, wala hakuna kundi la kuimbiwa likirudi jioni kutoka malishoni. Vitabu vya Nyundo vina maneno ya nyimbo hizo, rekodi zina baadhi ya tuni, na pale viwili hivyo visipolingana, wa kuulizwa ni mzee aliyechunga kwenye malisho ya Gishwati alipokuwa kijana. Bado wapo, vijiji vichache juu ya barabara.