Wachezaji sugu na wa kupitisha muda: mchezo ni wa nani?

SOKO lolote la mpakani lina watu wa aina mbili. Yupo anayefungua kibanda alfajiri na kukifunga usiku, na yupo anayeonekana siku ya gulio tu. Kodi ya kibanda ni ile ile. Sasa, soko likipangwa upya, linapangwa kwa kumfuata nani?

Swali hilo ndilo limezua ugomvi wa zaidi ya miaka 20 katika World of Warcraft, mchezo wa kompyuta ambao maelfu ya watu huucheza kwa pamoja kupitia intaneti. Kampuni ya Blizzard ya Marekani iliutoa Novemba 2004, na ada yake huko ni dola 14.99 kwa mwezi. Mchezaji huanza na mhusika dhaifu, akamkuza daraja kwa daraja, kisha huungana na wenzake kupambana na majitu na majoka yenye hazina. Oktoba 2010 kampuni ilitangaza kuwa walipaji wamefika milioni 12, idadi iliyozidi wakazi wote wa Burundi wa wakati huo.

Wengi wao walikuwa wa kupitisha muda: mzazi aliyekwisha kulaza watoto, nesi aliyetoka zamu, mwanafunzi mwenye saa moja. Wachache walikuwa sugu. Hao waliunda vyama vyenye ratiba, kwa sababu miaka ya mwanzo ngome kubwa zilihitaji watu 40 kwa wakati mmoja, jioni kadhaa kwa wiki. Mahudhurio yaliandikwa na kupewa pointi, utaratibu uliorithiwa kutoka mchezo wa EverQuest wa mwaka 1999. Mwenye pointi nyingi ndiye huchagua silaha kwanza. Usipohudhuria, huna chako.

Upande wa mapigano ya mchezaji kwa mchezaji mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kuanzia 2005 hadi Desemba 2006, vyeo vilitolewa kwa kulinganisha alama za wiki nzima. Ukipumzika wiki moja unashuka. Cheo cha juu kabisa kilidai mtu acheze karibu kutwa kucha kwa wiki mfululizo, na baadhi waliamua kupokezana akaunti moja kwa zamu kama walinzi wa ghala. Ikumbukwe kuwa Agosti 2005, huko Korea Kusini, mwanaume mmoja alifariki dunia baada ya kucheza StarCraft kwa takriban saa 50. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, na uraibu wa michezo ya aina hii umo.

Kampuni yenyewe ililiona tatizo mapema. Wakati wa majaribio iliweka kanuni kwamba anayecheza muda mrefu apunguziwe alama hadi nusu. Watu walikasirika. Ikaigeuza: anayepumzika ndiye apate maradufu. Hesabu ilibaki karibu ile ile, lakini manung'uniko yakaisha! Mfanyabiashara anayejua kuita bei ya kawaida "punguzo" ataielewa hila hiyo bila kufafanuliwa.

Juni 2006 ilifunguliwa ngome ya Naxxramas, kazi kubwa ya mafundi ambayo sehemu ndogo sana ya wachezaji waliiona ndani. Mwaka 2008 ikarudishwa ili hata watu 10 waweze kuimaliza. Mwaka 2011 ukaja utaratibu wa mashine kuwakusanya watu 25 wasiojuana na kuwaingiza katika ngome iliyolegezwa. Wachezaji sugu walilalamika kuwa jasho lao limeshushwa thamani. Binafsi naona wana hoja moja nzito: mtu akikaa mwaka mzima anasaka upanga, furaha yake ni kuwa wengine hawanao. Lakini ada za wale wengine ndizo zilizolipa mishahara ya waliouchora upanga huo.

Kisha kuna suala la muda na fedha. Mwenye muda alikuwa na dhahabu ya mchezoni, mwenye kazi alikuwa na dola. Biashara ya kubadilishana ilipita njia za panya, na katikati ya miaka ya 2000 zilikuwapo karakana nchini China ambako vijana walilipwa kuchuma dhahabu hiyo. Akaunti zilifungwa, magendo hayakuisha. Aprili 2015 kampuni ikafungua duka lake la kubadilishia: mwenye fedha ananunua tokeni kwa dola 20 na kuiuza kwa dhahabu, naye mwenye dhahabu anaitumia kulipia siku 30 za kucheza. Dola 20 kwa mwezi wa dola 14.99. Msomaji wa mpakani hahitaji kuambiwa nani amebaki na chenji.

Agosti 2019 toleo la kale lilifunguliwa upya, na foleni za kuingia zikachukua saa kadhaa. Wengi waliorejea walikuwa sugu wa zamani, sasa wakiwa na familia na kazi. Joka na majitu yaliyowatesa mwaka 2005 yalianguka upesi. Ngome ya kwanza ya watu 40 haikumaliza wiki.

Agosti 2024 kampuni iliongeza mapango ambayo mtu anaweza kuingia peke yake na kutoka na silaha nzuri, bila chama wala ratiba. Wenye saa moja wameshangilia. Wachezaji sugu nao wanayaingia mapango hayo kila wiki, wakinung'unika, kwa sababu silaha zake zinawafaa.