Paa Safi, Maji Safi: Utunzaji wa Mapaa ya Nyumba Machakos

Utangulizi

Mtu anapoisifu nyumba, aghalabu huanza na kuta, milango na madirisha. Paa hukumbukwa siku linapovuja. Makala haya yanadhamiria kulitazama paa kwa jicho tofauti, hususan paa la bati katika eneo la Machakos. Hoja yetu ni moja: kwa mkaaji anayekinga maji ya mvua, paa ni kisima chake, na yeyote anayelisafisha huyasafisha maji atakayoyanywa. Hoja hii ikikubalika, kufagia paa hakutakuwa tena suala la kuipamba nyumba, bali suala la afya ya jamii nzima inayoishi ndani yake.

Paa kama kisima

Hapo kale nyumba za Wakamba ziliezekwa kwa nyasi. Moshi wa mekoni ulipenya katika nyasi hizo ukawafukuza wadudu, na kwa njia hiyo paa likadumu. Hata hivyo, maji yaliyochuruzika kutoka kwenye nyasi yalikuwa na rangi na harufu, wala hayakufaa kunywewa. Maji yalifuatwa mtoni, na mto ulipokauka watu walichimba mchangani hadi wakayafikia. Bati lilibadilisha hali hii, kwani halinyonyi maji wala haliyatii rangi.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba 1 hutoa lita 1 ya maji. Nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 ina eneo la mita mraba 60. Mvua ya milimita 20 itatoa lita 1,200. Hata tukitoa kiasi kinachoruka na kuvuja, zitasalia takriban lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Kwa anayeijua safari ya mtoni na mzigo mgongoni, idadi hiyo haihitaji ufafanuzi.

Lakini kisima hiki kiko wazi mchana na usiku. Wakati wa kiangazi hupokea vumbi la barabarani, majani ya miembe na mikaratusi, vinyesi vya ndege, hata mizoga ya mijusi. Vinyesi hivyo huweza kubeba viini vya maradhi ya tumbo kama salmonela. Mvua ya kwanza huyakokota yote hayo hadi tangini.

Maadui wa bati

Bati ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki ndiyo ngao: hukubali kuliwa kwanza ili chuma kilicho chini kisalimike. Ngao hiyo ikiisha, kutu huingia. Adui wa kwanza ni majani yanayorundikana na kushika unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika. Wa pili ni saruji mbichi inayodondoshwa na mafundi na kuachwa ikauke juu ya bati. Hiyo hula zinki. Wa tatu ni msumari uliopigwa vibaya. Fundi stadi huupiga kwenye mgongo wa bati, si bondeni yanamopita maji, na huutia kipande cha mpira chini ya kichwa chake.

Namna ya kusafisha

Machakos hupata mvua mara mbili kwa mwaka: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa hivyo paa lisafishwe mwishoni mwa Februari na tena katika mwezi wa Septemba.

Kwanza, bomba linaloingia tangini liondolewe, la sivyo uchafu wote utaishia humo. Pili, vinyesi vilivyokauka vilowanishwe kabla ya kufagiliwa ili vumbi lake lisivutwe puani. Tatu, paa lifagiliwe kwa ufagio laini kutoka kileleni kuelekea chini, kisha lisuuzwe. Brashi ya waya na mchanga visitumiwe, kwani hukwangua zinki pamoja na uchafu. Palipoota kutu pekee ndipo pasuguliwe kwa msasa, kisha papakwe rangi isiyo na madini ya risasi.

Nne, isafishwe milizamu. Hapa inafaa tukumbushane kwamba kile ambacho wengi wetu hukiita gata kina jina lake katika Kiswahili, nalo ni mlizamu. Mlizamu uinamie upande wa tangi, yapata sentimita 1 kwa kila mita 1 ya urefu wake. Usipoinama, maji hutuama, na maji yaliyotuama ni makazi ya mbu.

Tano, mvua inapoanza, maji ya mwanzo yamwagwe. Kwa nyumba tuliyoitaja, angaa lita 30 hadi 60 zipite kando kabla ya bomba kurejeshwa. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu wenye matundu madogo. Hata baada ya hayo yote, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kwa kuwa usafi wa paa hupunguza viini tu, hauvimalizi.

Anayepanda juu naye ajihadhari. Asubuhi na mapema bati huwa na umande unaoteleza, na adhuhuri huwa moto mno. Saa tatu za asubuhi ndizo mwafaka. Akanyage penye safu ya misumari, maana chini yake pana mbao, na asipande akiwa peke yake nyumbani.

Mapaa ya aina nyingine

Si kila paa ni la bati. Katika nyanda za juu zenye baridi, kama vile kandokando ya misitu ya Mau na Aberdare, umo mtarakwa, mti ambao mbao zake haziozi upesi wala hazipendwi na mchwa. Mbao hizo huchanwa vigae vya kuezekea. Mwenye paa la namna hii alifagie kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, akate matawi yanayolitia kivuli, na abadilishe kila kigae kilichopasuka. Maji yanayorushwa kwa nguvu za mashine hayafai, kwani huchana mbao. Vigae vikipakwa dawa ya kuzuia kuvu, maji yake yasinywewe.

Paa la asbesto ni jambo jingine kabisa. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 nchini Kenya ziliiorodhesha asbesto miongoni mwa taka za hatari, maana nyuzi zake zikivutwa husababisha maradhi ya mapafu, yakiwemo saratani. Paa hilo lisisuguliwe, lisitobolewe wala lisivunjwe na mwenye nyumba. Kuliondoa ni kazi ya wenye kibali.

Hitimisho

Tumeonyesha kuwa utunzaji wa paa hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji ufagio, ngazi na kalenda. Hata hivyo, zipo nyumba ambazo mwenye kumiliki paa ni mkongwe asiyeweza kupanda ngazi. Machakos ina hazina ya kulitatua hilo: mwethya, ule ushirika wa majirani uliochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko mashambani na kujenga mabwawa ya mchanga mitoni. Vikundi hivyo vikitenga siku moja ya Septemba kuzunguka nyumba za wazee, vuli itakapofika, tangi la ajuza litakuwa na maji safi sawa na la kijana. Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Haba hiyo ikiwa chafu, kibaba nacho kitakuwa kichafu.