Zawadi ya rangi iliyombadilisha kijana wa mgodini

Mzazi, ukimkuta mwanao anachora nyuma ya daftari la hesabu, humwambia nini? Wengi wetu humkaripia kwamba anapoteza muda.

Jack Hoggan alizaliwa mwaka 1951 huko Methil, mji wa migodi ya makaa ya mawe katika eneo la Fife, Scotland. Baba yake alikuwa mchimbaji. Akiwa na miaka 16 Jack aliacha shule, akaenda kujifunza kazi mgodini kama vijana wengi wa kwao.

Alipotimiza miaka 21, mpenzi wake alimpa zawadi ya rangi za maji. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Hakusomea chuo cha sanaa. Alijifundisha mwenyewe katika muda wake wa mapumziko kwa kunakili kazi za wachoraji maarufu, zikiwamo zilizokuwa kwenye makumbusho ya mji jirani wa Kirkcaldy. Alichora hivyo kwa miaka mingi bila kujulikana.

Mwaka 1988, akiwa ameshavuka miaka 35, alipeleka picha mbili kwenye maonyesho ya Royal Scottish Academy jijini Edinburgh. Zote mbili zilinunuliwa siku ya kwanza. Aliacha kazi, akachukua jina lililotokana na ukoo wa mama yake: Jack Vettriano.

Picha yake inayojulikana zaidi ni The Singing Butler ya mwaka 1992. Wapenzi wawili wanacheza dansi ufukweni, huku wahudumu wao wakishikilia miavuli. Mwaka 2004 iliuzwa mnadani kwa Pauni 744,800.

Si kila mtu alimsifu. Wahakiki wengi walizibeza kazi zake, lakini watu wa kawaida walinunua nakala na kuzitundika sebuleni. Vettriano alifariki dunia Machi 2025, jijini Nice, Ufaransa, akiwa na miaka 73.

Si kila mtoto anayechora atauza picha mnadani, wala si lazima. Lakini kipaji kinahitaji vifaa, muda na mtu wa kukitambua. Mtoto akichora ukutani, mpe karatasi na penseli, kisha mwambie akueleze alichochora.

Na kama ameshakuwa mkubwa, usiseme amechelewa. Vettriano alipewa rangi zake akiwa na miaka 21.