Masafa: umbali au mitetemo?

masafa nm [ya-/ya-] 1. umbali baina ya mahali na mahali: mbio za masafa marefu. 2. idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi: masafa ya megahezi 93.

Kwa kawaida muktadha hutenganisha maana hizi. Hugongana katika maelekezo ya kuunganisha kwa waifai kipokezi cha redio kinachoendeshwa na programu.

Kipokezi hicho huwekwa karibu na antena, mbali na vifaa vya umeme vinavyoleta mikwaruzo. Hubadili mawimbi kuwa namba, na kompyuta ndogo iliyo kando yake huzituma namba hizo kwa waifai hadi kompyuta ya msikilizaji. Msikilizaji huandika katika programu yake anwani ya kompyuta ile ndogo na namba ya poti (1234 kwa kawaida, ikiwa inayotuma ni programu ya rtl_tcp), kisha huchagua kituo. Hivyo pana mawimbi ya aina mbili: yanayosikilizwa, na ya waifai yenyewe, ambayo aghalabu huwa ya gigahezi 2.4 au 5.

Tazama sentensi hii: *Sauti ikikatika, punguza masafa.* Msomaji mmoja atasogeza kompyuta karibu na ruta. Mwingine atahama kituo. Huenda mwandishi hakukusudia lolote kati ya hayo, bali kasi ya sampuli. Kipokezi kinachochukua sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 2, hutuma megabiti 38.4 kwa sekunde, mzigo ambao waifai dhaifu haiumudu. Kasi ikishushwa hadi sampuli milioni 1, mzigo huwa megabiti 16.

Matumizi yanayopendekezwa

• umbali: kwa nafasi kati ya vifaa.
• masafa: kwa mitetemo tu, pamoja na kipimo chake.
• kasi ya sampuli: kwa wingi wa sampuli kwa sekunde.

Sahihi: *Sauti ikikatika, punguza kasi ya sampuli, isipotengemaa, punguza umbali kati ya kompyuta na ruta.*

Tahadhari

Katika istilahi ya utangazaji *masafa mafupi*, ufupi ni wa wimbi, si wa safari yake. Wimbi la megahezi 6 lina urefu wa mita 50 tu, lakini hurudishwa ardhini na tabaka la juu la angahewa na kuweza kuvuka mabara. Tena, mitetemo yake kwa sekunde ni mingi kuliko ya masafa ya kati. Kwa hiyo *masafa mafupi* hayafasiriwi kuwa *masafa ya chini*.

Tahajia

Andika *waifai* au *Wi-Fi*. *Wifi* ni dada wa mume, au mke wa kaka kwa mwanamke.